Kipimo cha Usugu wa Mbu Kinapotoa Majibu Yasiyoeleweka: Dalili, Visababishi na Namna ya Kuvichunguza

Kusema kwamba mbu wa mahali fulani wamekuwa sugu kwa dawa fulani ni jambo zito. Kwa kauli hiyo, mpango wa malaria unaweza kubadili aina ya vyandarua unavyogawa au kuacha dawa ya ukoko uliyokuwa ukinyunyiza kwenye kuta, na mara nyingi dawa inayochukua nafasi yake huwa na gharama kubwa zaidi. Upande wa pili kuna hatari iliyo kubwa vilevile, ya kutangaza kwamba dawa bado inaua wakati mbu wanatua juu yake na kuruka zao. Kwa hiyo matokeo yanapokuja yamekaa vibaya, swali la kwanza lielekezwe kwenye kipimo chenyewe, na mbu waulizwe baadaye. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata dalili jinsi zinavyojitokeza mezani, kuanzia ile ambayo ikipuuzwa huharibu nyingine zote.

Kipimo kinachozungumziwa zaidi hapa ni kile cha mirija cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Mbu majike wenye umri wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, huwekwa 20 hadi 25 katika kila mrija uliozungushiwa ndani karatasi yenye dawa. Hukaa humo saa 1, kisha huhamishiwa kwenye mrija safi wenye pamba iliyolowekwa maji ya sukari, na vifo huhesabiwa baada ya saa 24. Kwa kawaida huandaliwa mirija minne yenye dawa na miwili ya kundi linganishi, ambayo karatasi zake zina mafuta peke yake. Vifo vikifika asilimia 98 au zaidi, mbu hao huhesabiwa kuwa bado wanauawa na dawa. Vikiwa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Na kati ya hapo ni eneo la mashaka ambalo tutalirudia.

Dalili: mbu wa kundi linganishi wanakufa

Hawa hawakuguswa na dawa, kwa hiyo wakifa kuna kitu kingine kinachowaua, na kitu hicho kinawaua pia wale walio kwenye mirija ya dawa. Vifo vya kundi linganishi vikiwa chini ya asilimia 5, matokeo huachwa yalivyo. Vikiwa kati ya asilimia 5 na 20, hutumika kanuni ambayo Abbott aliichapisha mwaka 1925: toa vifo vya kundi linganishi kwenye vifo vya kundi la dawa, gawanya kwa 100 ukitoa vifo vya kundi linganishi, kisha zidisha kwa 100. Kama upande wa dawa wamekufa asilimia 82 na upande wa linganishi asilimia 10, hesabu ni 72 kugawanya kwa 90, yaani asilimia 80. Vikizidi asilimia 20, kipimo chote kinatupwa na kurudiwa. Katika kipimo cha chupa cha CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambacho mbu huwekwa kwenye chupa iliyopakwa dawa ndani, kizingiti ni kikali zaidi, kwa kuwa vifo hivyo vikizidi asilimia 10 kipimo hakifai.

Kanuni ya Abbott hurekebisha namba bila kuponya kipimo kilichougua. Maabara ambayo kila wiki inapata vifo vya asilimia 12 au 15 kwenye kundi linganishi, na kila wiki inavifuta kwa hesabu, ina tatizo ambalo hailitafuti. Njia ya kulitafuta ni kuangalia mbu hao wanakufa saa ngapi.

Wakianguka ndani ya ile saa 1 ya kwanza, shuku sumu. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni kifyonzio, ule mrija wa kuwavuta mbu kwa mdomo kutoka kwenye kizimba. Niliwahi kurudia kipimo kizima mara tatu, nikibadilisha karatasi, nikibadilisha hata chumba, kabla ya kutambua kwamba kifyonzio kilekile kilichotoa mbu kwenye mirija ya dawa ya deltamethrini ndicho kilichokuwa kikiwaingiza mbu wa kundi linganishi. Tangu hapo kifyonzio cha upande wa linganishi hufungwa utepe wa rangi yake na hakivuki meza. Baada ya kifyonzio, angalia mirija. Ile ya WHO ina alama ya nukta: nyekundu kwa mrija wa dawa, njano kwa mrija wa linganishi na kijani kwa mrija wa kuhifadhia mbu kabla na baada. Alama hizo zinapofutika kwa kuoshwa, mirija huchanganyika, na plastiki iliyowahi kugusana na dawa haisafishiki kwa kusuuzwa tu. Angalia pia vibanio vinavyoshikilia karatasi, kwani vya shaba ni vya karatasi zenye dawa na vyeupe vya chuma ni vya karatasi zisizo na dawa. Mwisho angalia glavu, na mpangilio wa kazi: mirija ya linganishi ndiyo ijazwe kwanza, kisha ya dawa.

Wakiwa wazima baada ya saa 1 lakini kesho yake wamelala chini ya mrija, sumu si mshukiwa mkuu tena. Hapo tazama usiku ulivyokwenda. Joto linatakiwa kuwa nyuzi 27 za Selsiasi, kupungua au kuzidi 2, na unyevu wa hewa asilimia 75, kupungua au kuzidi 10. Chumba kikavu huua mbu wazima kabisa, na mara nyingi taulo lenye unyevu lililofunikwa juu ya sanduku la mirija linatosha kubadilisha matokeo. Gusa pamba ya sukari asubuhi. Ikiwa imekauka, mbu walishinda njaa na kiu. Ikiwa inadondosha, huenda wamenaswa na utomvu wa sukari. Tafuta sisimizi, maana huvutwa na sukari hiyohiyo, na huacha miguu na mabawa yaliyotengana na miili, jambo ambalo dawa haifanyi. Meza yenye miguu iliyosimama ndani ya vikopo vya maji huwazuia.

Ipo sababu ya tatu inayoanza siku kadhaa nyuma. Viluwiluwi waliosongamana kwenye beseni moja na kulishwa kidogo hutoa mbu wadogo, dhaifu, wanaokufa kwa kushikwashikwa tu. Ndiyo maana mbu huachwa kwenye mrija wa nukta ya kijani kwa saa 1 kabla ya kukutana na dawa, ili waliojeruhiwa wakati wa kufyonzwa waonekane na kuondolewa. Anayeiruka saa hiyo kwa sababu ya haraka atawahesabu majeruhi wake kama waliouawa na dawa.

Dalili: karibu wote wanapona, kuliko ilivyotarajiwa

Hii ndiyo dalili inayoshawishi kuandika neno usugu mapema. Kabla ya kuliandika, weka kwenye karatasi hizohizo mbu wa maabara wanaojulikana kuwa hawana usugu, kwa mfano kundi la Kisumu la Anopheles gambiae, spishi ya mbu waenezao malaria, linalofugwa katika maabara nyingi. Wasipokufa wote, karatasi imekufa. Jaribio hili moja huokoa mabishano ya mwezi mzima, na maabara isiyo na kundi la namna hiyo inafanya kazi ikiwa na jicho moja.

Karatasi hufa kwa njia kadhaa. Kila matumizi hupunguza dawa, na ndiyo sababu zisitumike zaidi ya mara 6, ambazo ni sawa na mbu 150 hivi. Namba hiyo haiwezi kukumbukwa kichwani, kwa hiyo kila karatasi iandikwe alama kwa penseli kila inapotumika. Karatasi huhifadhiwa kwenye jokofu, takriban nyuzi 4, na ni lazima zirudi kwenye joto la chumba zikiwa bado zimefungwa. Ukizifungua zingali baridi, unyevu wa hewani hugeuka matone ya maji juu yake. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye pakiti iheshimiwe.

Karatasi zikithibitika kuwa nzima, angalia mbu walikuwa wapi ndani ya mrija. Mbu hupenda kukimbilia mwangaza, na wakitua kwenye wavu ulio mdomoni mwa mrija hawaigusi karatasi hata kidogo. Mirija husimamishwa wima, wavu ukiwa juu, mahali penye mwanga hafifu, au hufunikwa kwa kadibodi. Piga magoti, chungulia kwa ubavu dakika ya kumi na dakika ya thelathini. Ukiona nusu yao wamening'inia kwenye wavu, hujapima dawa, umepima muda waliokaa kwenye wavu.

Kisha waangalie mbu wenyewe. Jike aliyenyonya damu hustahimili dawa zaidi kuliko asiyenyonya, na tumbo lake jekundu au jeusi huonekana bila hadubini. Joto la chumba nalo hubadilisha nguvu ya pairethroidi, kundi la dawa zenye deltamethrini na permethrini ndani yake, kwa hiyo kipimo kilichofanywa kwa nyuzi 22 hakilinganishwi na kilichofanywa kwa nyuzi 28.

Kwa wanaotumia chupa, makosa hujificha kwenye upakaji. Kila chupa ya mililita 250 hupakwa ndani mililita 1 ya dawa iliyoyeyushwa katika asetoni, ikizungushwa hadi kila upande, pamoja na kifuniko, upate sehemu yake, kisha huachwa wazi gizani ikauke. Kwa Anopheles, kiwango cha CDC ni mikrogramu 12.5 za deltamethrini au 21.5 za permethrini kwa chupa. Asetoni huvukiza haraka, na mtungi wa akiba uliofunguliwa mara nyingi hubaki na mchanganyiko mzito kuliko lebo inavyosema. Uliokaa juani hubaki na dawa dhaifu. Makosa ya upande wa chupa, kwa hiyo, yanaweza kuelekea kokote, na hakuna njia ya kuyajua bila chupa moja ya mbu wasio na usugu katika kila awamu ya upakaji.

Dalili: wote wanakufa, hata mahali palipojulikana kuwa na usugu

Watu hawaipeleki dalili hii mbele kwa uchunguzi kwa sababu inafurahisha. Ichunguzwe kwa ukali uleule. Soma tena maandishi ya karatasi, maana zipo karatasi za kiwango cha kawaida, za mara 5 na za mara 10, nazo hufanana machoni. Deltamethrini ya kawaida ni asilimia 0.05 na permethrini ni asilimia 0.75, hivyo koma iliyosomwa vibaya inatosha. Kwa chupa, uliza zilioshwaje. Chupa iliyobaki na masalia ya kipimo kilichopita huua kwa dozi mbili kwa pamoja. Chupa zilizooshwa zijaribiwe kwa mbu wachache kabla ya kupakwa upya.

Uliza pia umri. Mbu waliokamatwa wakubwa ndani ya nyumba hawana cheti cha kuzaliwa, na mbu wazee huuawa kwa urahisi zaidi hata kama wana jeni za usugu. Ndiyo sababu hupendekezwa kutumia mbu waliokuzwa kutoka kwa viluwiluwi au kizazi cha kwanza cha mbu waliokamatwa.

Kisha uliza spishi. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki kwa macho, na hutenganishwa kwa kipimo cha PCR, kinachosoma vinasaba. Wawili hao wanaweza kuishi dimbwi moja na kutofautiana kabisa katika usugu, kwa hiyo mwaka mmoja ukichota viluwiluwi wakati mmoja wao ametawala, na mwaka unaofuata mwingine ametawala, utaona usugu ukipanda au kushuka bila jeni yoyote kubadilika.

Dalili: mirija ya kundi moja inapishana sana

Mrija mmoja vifo asilimia 60, jirani yake asilimia 95, dawa ileile, siku ileile. Panga karatasi kwa idadi ya matumizi yake kwanza, na mara nyingi jibu litaonekana hapo. Ikiwa karatasi ni za umri mmoja, rudi kwenye mazalia. Viluwiluwi waliochotwa kwenye dimbwi moja dogo wanaweza kuwa watoto wa majike wawili watatu, na ndugu hubeba jeni zilezile. Ikiwa mrija wa kwanza ulijazwa kutoka beseni la dimbwi la kwanza na wa pili kutoka beseni la pili, umepima koo mbili badala ya jamii ya mbu wa eneo. Dawa yake ni kuchota kidogo kidogo katika madimbwi mengi, kuwachanganya mbu wote kwenye kizimba kimoja baada ya kutoka kwenye pupa, na kujaza mirija kwa zamu. Hali hiyohiyo huwapata wanaotumia kizazi cha kwanza, ikiwa mayai yote yametoka kwa majike wachache.

Dalili: vifo viko kati ya asilimia 90 na 97

Hapa tatizo kubwa ni uchache wa mbu. Ukipima mbu 100 na wakafa 93, ukweli kuhusu jamii nzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 86 na 97 kwa uhakika wa asilimia 95. Ukipima 20 tu na wote wakafa, bado inawezekana kabisa kwamba mmoja kati ya kumi huko nje anapona. Kwa hiyo jibu la eneo hili ni kurudia kwa mbu wengine 100 waliochotwa upya, na kuwachunguza jeni wale waliopona. Kuandika kwamba usugu unakuja bila kurudia kipimo ni kumtwisha msomaji uamuzi ambao mpimaji hakuufanya.

Dalili: wanalewa ndani ya saa 1, kisha wanaamka

Pairethroidi hulewesha haraka. Mbu huanguka chali, miguu ikitetemeka, na anayehesabu kwa saa 1 huona ushindi. Kesho yake sehemu yao wamesimama. Hili si kosa la kipimo, ni jibu, kwani linaashiria mara nyingi kwamba mwili wa mbu unaivunja dawa kwa vimeng'enya baada ya kulewa. Wakichelewa kulewa tangu mwanzo, shuku badiliko kwenye mfereji wa sodiamu wa neva, linaloitwa kdr, ambalo huizuia dawa kushika mahali pake. Aina mbili zinazojulikana zaidi kwa Anopheles gambiae ni L1014F na L1014S. Dalili hizi hazitoshi kuhukumu peke yake, lakini zinaonyesha kipimo gani kifuate.

Kosa linalofanana na dalili hii hutokea kwenye kuhesabu. Baada ya saa 24, gonga mrija kwa kidole. Mbu anayeweza kuruka ni hai, hata kama amebaki na miguu mitatu. Asiyeweza kusimama wala kuruka huhesabiwa kuwa amefariki, hata kama bado anachezesha mguu. Waweke wahesabuji wawili kwenye mrija mmoja bila kuambizana, na utajua kama tofauti ya wiki hii na iliyopita ni ya mbu au ya macho.

Dalili: mirija inasema usugu, chupa inasema hapana, au jeni zinasema kingine

Vipimo viwili hivi haviulizi swali moja. Chupa ya CDC huuliza ni wangapi wameshindwa kusimama ifikapo dakika ya 30 kwa pairethroidi, au dakika ya 45 kwa DDT. Mirija huuliza ni wangapi wamekufa kesho yake. Mbu anayelewa upesi na kuamka usiku atakuwa mfu kwenye chupa na hai kwenye mrija, na vipimo vyote viwili vimesema kweli. Usizijumlishe asilimia zao kwenye mstari mmoja wa grafu, na usibadilishe njia katikati ya ufuatiliaji wa miaka halafu ukausoma mruko huo kama habari za mbu.

Jeni nazo zisipewe uzito usio wao. Kdr inaweza kuwa imeenea kwa karibu kila mbu, ikawa haimtofautishi tena anayekufa na anayepona, huku tofauti halisi ikiletwa na vimeng'enya. Kwa Anopheles funestus, kwa mfano, usugu wa pairethroidi umehusishwa sana na vimeng'enya vya CYP6P9a na CYP6P9b. Hapo ndipo piperonili butoksidi (PBO) inapofaa, kwa kuwa huvifunga vimeng'enya hivyo. Mbu huwekwa saa 1 kwenye karatasi ya PBO ya asilimia 4, kisha saa 1 kwenye pairethroidi. Vifo vikipanda kutoka asilimia 40 hadi 95, vimeng'enya vinabeba mzigo mkubwa wa usugu. Vikipanda hadi 60 na kuishia hapo, kuna jambo jingine pamoja navyo. Kipimo hiki ni lazima kiwe na mrija wa PBO bila dawa, maana vifo vikitokea humo, ongezeko lote unaloshangilia linaweza kuwa si la dawa.

Dalili: klorfenapiri inaonekana haifanyi kazi

Kabla ya yote, angalia kama ilihesabiwa baada ya saa 24. Dawa hii huingia mwilini ikiwa bado haina makali, na vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu, kwa hiyo huua polepole na vifo vyake huhesabiwa hadi saa 72. Hupimwa kwa chupa, na chumba kikiwa baridi mbu hupungua shughuli na dawa huchelewa zaidi. Kwa kuwa mbu wanashikiliwa siku tatu, kila udhaifu wa pamba, unyevu na sisimizi uliotajwa mwanzoni unapata muda mara tatu wa kufanya kazi yake, na kundi linganishi ndilo litakaloonyesha.

Katika dalili zote hizi, kitu kimoja kisichoweza kurudishwa kikipotea ni mbu wenyewe. Wanapomaliza kuhesabiwa, waliokufa na waliopona wawekwe kwenye vichupa tofauti vyenye silika ya kukaushia, kila kichupa kikiwa na tarehe, mazalia walikotoka, dawa, kiwango, karatasi ilikuwa kwenye matumizi ya ngapi, na joto la usiku ule. Swali la spishi au la jeni huwa linaulizwa miezi kadhaa baadaye, na hujibika tu kama kichupa hicho kipo.